Wiki Moja Tu

Gatsata, ng'ambo ya stendi ya Nyabugogo, ambako mafundi wa Kigali wamekuwa wakifungua na kufunga magari na pikipiki kwa miaka mingi, matairi ya zamani yana namna yao ya kukaa. Mengine yameegemea ukuta, mengine yamelaliana hadi usawa wa kifua, mengine yametundikwa msumarini yawe tangazo la kazi ifanyikayo hapo. Tairi la nyuma la pikipiki ya abiria ndilo linalonivuta macho kila nipitapo. Pembeni bado lina michoro yake, mifereji iliyokatwa kiwandani kwa ulalo, mikali, utadhani ya jana. Katikati hakuna kitu. Kuna utepe mweusi, laini, unaozunguka tairi zima na kung'aa kidogo juani, na mahali pamoja, pa upana wa dole gumba, mpira umekwisha kabisa na nyuzi za ndani zimechomoza, nyeupe, zimeshika vumbi jekundu la vilima hivi. Mtu aliliendesha tairi hili hadi hapa. Alikwenda juu ya nyuzi. Na nyuma yake, bila shaka, aliketi abiria akiwaza nauli, kazi, au mtoto aliyemwacha nyumbani na homa, asijue kwamba kati ya mwili wake na lami hapakubaki hata unene wa shati.

Lini tairi libadilishwe? Ukiuliza hivyo kwenye kijiwe cha mamotari, kama tunavyowaita hapa Kigali madereva wa pikipiki za abiria, utajibiwa haraka: likiisha. Jibu ni sahihi na halisaidii, kwa sababu tairi halina siku ya kuisha. Balbu huungua, kamba hukatika, mshumaa huzimika. Tairi hupungua tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hakuna awezaye kusema ni kuchovya kupi kulikolimaliza. Jana lilikuwa zima, leo ni lile lile la jana, na kesho litafanana na leo, mpaka siku ambayo tofauti ndogo ndogo zote hukutana mahali pamoja, kwenye kona moja, chini ya mtu mmoja. Nimewahi kumtazama fundi akiinama nyuma ya pikipiki na kupitisha ukucha wa dole gumba ndani ya mfereji wa tairi, akausukuma mpaka ukagota kwenye kinundu kidogo ambacho watengenezaji hukiacha chini ya mfereji kiwe mpaka: mpira ukilingana na kinundu hicho, safari ya tairi imekwisha. Ukucha haukuzama. Fundi akainua uso. “Mdogo wangu, hili limekwisha.” Kijana akajibu bila kushuka kwenye kiti: “Kaka, wiki moja tu.” Hakuwa akibisha. Alikuwa akiomba, kana kwamba fundi ndiye mwenye mamlaka juu ya wiki.

Nayo wiki moja ya Kigali si wiki ya mji mwingine. Jiji hili limetandazwa juu ya vilima na mabonde, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Kigali kinapita mita 1,800. Hakuna mahali pa kwenda ambapo si kupanda wala si kushuka. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma: mwenye kutunga methali hii hakuijua barabara ya kutoka Kacyiru kwenda Kinamba, wala ule mteremko wa kutoka mjini hadi Nyabugogo, lakini angeiona angetikisa kichwa. Katika kupanda, tairi la nyuma husukuma chuma, dereva, abiria na mzigo wa abiria. Katika kushuka, breki huishika pikipiki na barabara huusaga mpira. Kwenye mitaa ya Nyamirambo iliyotandikwa mawe, kila jiwe huchukua chake kidogo. Ndiyo maana la nyuma hutangulia kuisha kuliko la mbele, na huanza kuisha katikati. Tairi la pikipiki huzaliwa likiwa na mgongo wa mviringo, ili chombo kiweze kulala kwenye kona na kuinuka bila kushtuka. Katikati kukishatambarika, mgongo hupata ukingo, na pikipiki ikifika kwenye kona husita, halafu huanguka upande kwa ghafla ambayo dereva hakuikusudia. Dereva mzoefu huizoea hali hii siku kwa siku, mwili wake ukijirekebisha bila kumwambia, hata akafika mahali anaiona ni tabia ya pikipiki yake. Kumbe ni tairi linalomuaga. Pikipiki husimama ardhini kwa sehemu mbili tu, na kila moja haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Viganja viwili vya mpira, basi. Juu yake kuna maisha ya watu wawili.

Wakati wa kiangazi, tairi kipara ni mwongo mwenye sura nzuri. Juu ya lami kavu hushika vizuri, pengine kuliko jipya, kwa sababu mpira mwingi zaidi unaigusa barabara. Pikipiki za mashindano hukimbia kwa matairi yasiyo na mfereji hata mmoja, na mvua ikishuka huvishwa mengine. Kumbe mifereji ile haikuchongwa kwa ajili ya siku kama ya leo, jua likiwa juu na vumbi likielea. Imechongwa kwa ajili ya maji, ili yapate njia ya kukimbilia pale tairi linapoyakanyaga. Yakikosa njia, hubaki katikati kama utando, na gurudumu likapanda juu ya utando huo, likaacha kuijua ardhi. Anayeendesha kwa tairi kipara Julai haoni kosa lolote, na kila siku inayopita salama humthibitishia kwamba yuko sawa. Kisha hufika alasiri moja ya Septemba, wingu likatoka upande wa Jali, na matone ya kwanza yakaikuta barabara imebeba vumbi na mafuta ya miezi mitatu. Dakika za mwanzo za mvua ya kwanza ndizo zenye utelezi mkubwa kuliko mvua yenyewe ikishakolea na kuiosha lami. Mamotari hukimbilia chini ya mapaa ya vituo vya petroli na vibaraza vya maduka, husimama bega kwa bega, helmeti mikononi. Waliosimama hapo wamefika. Lakini palikuwa na mita mia chache kati ya tone la kwanza na paa, na katika mita hizo kila mtu alipimwa kwa uamuzi alioufanya, au alioacha kuufanya, wakati barabara ilikuwa kavu.

Viganja hivyo viwili vya mpira hunipeleka mbali, kwanza kaskazini, kisha magharibi. Mwaka 1888, katika mji wa Belfast, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi lenye hewa. Alikuwa amelibuni kwa sababu ya mwanawe mdogo, ambaye baiskeli yake ya magurudumu matatu ilimtingisha vibaya kwenye mawe. Chanzo chake kilikuwa hicho tu, baba kumhurumia mtoto. Lakini dunia ilipolionja tairi la hewa ilitaka baiskeli, kisha magari, kisha mpira bila kikomo, na sehemu ya mpira wa wakati ule ilikuwa ndani ya mitambaazi ya misitu ya Kongo, nchi ambayo tangu 1885 hadi 1908 ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Waliopungukiwa walishikiwa wake zao, walichapwa, waliuawa, na mikono ilikatwa. Mwaka 1904, kwenye kituo cha misheni cha Baringa, Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha ya mtu aliyeitwa Nsala, ameketi barazani, akitazama vitu viwili vilivyo mbele yake sakafuni: mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Yule wa Belfast alitaka mwanawe aende bila kutingishika. Huyu wa Kongo aliletewa mwanawe kwa vipande, ili wana wa wengine wasitingishike. Kati ya baba hawa wawili ilipita miaka 16 tu.

Sisemi kwamba tairi la Gatsata limetoka msituni kwa Nsala. Mpira wa leo hutoka zaidi kwenye mashamba ya Asia na kwenye viwanda vya mafuta ya petroli, na matairi ya pikipiki zetu huja kwa meli kutoka India na China, kisha kwa malori marefu yanayovuka mpaka wa Rusumo. Lakini sisi ni majirani wa Kongo. Kutoka Kigali hadi maji ya Ziwa Kivu ni safari ya saa chache, na ng'ambo ya ziwa ni nchi ile. Kitu kilichowahi kugharimu viganja vya watu hakistahili kutumiwa kana kwamba mwili wa mtu hauna bei. Ninapomwona fundi akilipapasa tairi kwa mkono wake mweusi wa grisi, akitafuta msumari, nyufa, au mahali palipovimba, naona mkono ukifanya kazi iliyo kinyume cha historia ile. Unauuliza mpira: je, bado unaweza kumbeba mtu? Swali hilo ni la heshima. Wakati wa Leopold swali lilikuwa jingine, mtu gani atauleta mpira, na kwa gharama gani, na jibu tunalijua.

Najiuliza pia milimita zile zimekwenda wapi. Mpira hauyeyuki hewani. Ulichokosa utepe ule wa katikati kimebaki barabarani, vumbi jeusi lisiloonekana, na mvua inapokuja hulisomba. Kigali imejengewa mitaro mirefu ya mawe ili maji yasiyabomoe makazi ya miteremkoni; mtaro wa Mpazi hushuka kutoka Kimisagara na kumwaga kwenye mto Nyabugogo. Nyabugogo huingia Nyabarongo, Nyabarongo huingia Akagera, Akagera huingia Ziwa Viktoria, na huko ndiko Nile inakoanzia safari yake kwenda Misri. Mwaka 2020 watafiti katika jimbo la Washington, Marekani, walitangaza kwamba dawa inayotiwa kwenye mpira ili matairi yasipasuke kwa ozoni ya hewani hugeuka, ikikutana na ozoni hiyo hiyo, kuwa sumu inayoua samoni wa aina ya coho wanaporudi mitoni kutaga. Kumbe hata kulika kwa tairi si siri kati ya motari na pikipiki yake. Kila breki ya kushuka Muhima ni barua ndogo kwa watu na samaki wa mbali. Tukiwa tumezoea kudhani kwamba kilichopungua kimetoweka, mto unatukumbusha kwamba kimehama tu.

Na tairi lisilotembea? Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa nafaka iliyokaushwa vizuri au fedha iliyofichwa vizuri walikuwa na haki. Mpira hauifuati methali hii. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4 ndani ya umbo la yai. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivi kwamba 3221 ni tairi lililozaliwa wiki ya 32 ya mwaka 2021. Tangu wiki hiyo saa yake inahesabu, liwe linazunguka Remera au limening'inia dukani likisubiri mnunuzi. Jua, joto na ozoni huukausha mpira, ukawa mgumu, ukapasuka vinyufa vyembamba vinavyoanzia ubavuni. Watengenezaji wengi hushauri tairi lililotimiza miaka mitano likaguliwe na mtu anayejua kila mwaka, na lililofika kumi liondolewe hata kama mifereji yake ni ya kupendeza. Motari wa kazi hana hofu ya uzee huu; tairi lake hufa kwa safari kabla halijafa kwa miaka. Lakini mwenye pikipiki ya Jumapili, au anayenunua tairi la bei ya chini lililosahauliwa rafuni, huweza kuvaa uzee akidhani amevaa upya. Kuna kuchakaa kwa kutumika na kuna kuchakaa kwa kuachwa. Wanadamu tunazijua njia zote mbili. Nimewaona watu waliojichosha kwa kazi mpaka nyuzi zikachomoza, na nimewaona wengine waliojitunza kwa siku ambayo haikufika, na siku walipoitwa walikuwa wamekwisha kukauka.

Ni rahisi kumlaumu kijana wa “wiki moja tu”. Sitaki kuwa miongoni mwa wanaomlaumu wakiwa wamekaa kwenye viti vya ofisi. Mara nyingi pikipiki si yake. Kuna mwenye mali anayengoja hesabu yake, na hesabu hailegezwi kwa sababu tairi limetambarika. Mkataba wa mdomo husema petroli ni ya dereva, pancha ni ya dereva, na tairi, tairi ni la nani? Hapo ndipo wiki zinapozaliwa. Dereva anasubiri mwenye mali alinunue. Mwenye mali anasubiri dereva alalamike kwa nguvu zaidi. Na uamuzi ambao ungekuwa wa mtu mmoja unakuwa wa wawili, maana yake si wa yeyote. Halafu kuna kodi ya chumba Gikondo, kuna ada, kuna mchele. Mwenye njaa hana miiko. Fedha ya tairi jipya inaonekana ikitoka mfukoni leo, saa hii, noti kwa noti. Faida yake haionekani kamwe, kwa sababu faida yake ni jambo ambalo halikutokea. Hakuna mtu aliyewahi kurudi nyumbani jioni akamwambia mkewe: leo mchana, pale kwenye kona ya Kinamba, sikuanguka. Safari zilizofika salama hazina historia, wala hakuna anayemshukuru aliyezinunua.

Ndiyo maana naiogopa kidogo methali tunayoipenda kuliko zote penye msiba wa barabarani: ajali haina kinga. Tunaisema kwa huruma, ili kumwondolea mfiwa mzigo wa kutafuta mkosaji, na katika saa hiyo ina kazi yake njema. Lakini ikitoka msibani ikaingia gereji, inakuwa ruhusa. Ajali haina kinga kamili, hilo ni kweli. Ng'ombe anaweza kukatiza, lori linaweza kupoteza breki. Ila sehemu kubwa ya kinga tunayo mikononi, na Rwanda imewahi kuthibitisha kwamba jambo likiamuliwa linawezekana. Hapa abiria mmoja tu ndiye apandaye, siyo watatu, na abiria huyo huvaa helmeti kama dereva wake. Atokaye miji mingine ya Afrika Mashariki hushangaa siku ya kwanza, siku ya pili akazoea. Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, ya kuwataka watu wafike kwa amani. Helmeti inaonekana kutoka mbali, askari anaiona kutoka upande wa pili wa barabara. Tairi halionekani hivyo. Lazima mtu ainame. Na ni vigumu kumfanya mtu ainame kwa sheria. Huinama kwa sababu anajali.

Sasa jiji linabadilika. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali hutakiwa kuwa za umeme. Ukisimama kwenye kituo cha kubadilishia betri utaona jambo la kupendeza: dereva anafika, anachomoa betri iliyokwisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka kimya. Kioo kilicho mbele yake kinamwambia chaji iliyobaki, na anajua mapema kama atafika Kabuga au asijaribu. Hakuna motari anayeuomba umeme wiki moja zaidi. Namba ikishuka, anaitii. Nimewaza sana juu ya utii huo. Chini ya kioo hicho, matairi ni yale yale, yanashuka vilima vile vile, na hakuna kioo chochote kinachoyasomea. Tena mota ya umeme huvuta kwa nguvu zake zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na la nyuma ndilo linalopokea. Tumeanza kuondoa moshi, na ni heri kubwa kwa mapafu ya watoto wa mji huu. Hatujaondoa swali la ukucha na mfereji. Vitu vinavyotuonyesha namba tunavitunza. Vinavyotutaka tuinamishe mgongo tunaviahirisha, na kwa bahati mbaya vingi vya maana viko katika kundi la pili: meno, paa, goti la mama linaloanza kumsumbua kwenye ngazi, ndoa iliyonyamaza.

Ugumu wote, nadhani, uko hapa: kubadilisha kwa wakati ni kuondoa kitu ambacho bado kinafanya kazi. Tairi likishapasuka hakuna haja ya hekima, la kuvunda halina ubani, kila mtu atakubali litupwe. Hekima inahitajika siku ambayo tairi bado linazunguka, bado linashika, bado lina milimita moja ya kujitetea, nawe unalitoa. Wazee wachache huliweza hili katika maisha yao. Huondoka kwenye kiti wakiwa bado wanasikilizwa. Wengi tunangoja kuondolewa. Tunaona kwamba kumalizia kitu mpaka tone la mwisho ni kukitendea haki, ni kukataa israfu, na katika nyumba zilizokulia uhaba sifa hiyo ni ya kweli. Lakini tairi si sahani ya wali. Sehemu ya mwisho ya tairi si ya kuliwa. Imewekwa iwe mpaka, na anayekula mpaka hula na ya jirani, yaani ya yule aliyeketi nyuma yake akiwa ameshika kiti kwa imani. Wala jipya si mwisho wa mashaka. Kipya kinyemi, lakini tairi jipya huja na utelezi wake, uso bado haujakwaruzwa na barabara, na kwa kilomita mia moja na zaidi za mwanzo mtu mwenye akili hulala kwenye kona kwa adabu, mpaka mpira na lami vizoeane. Na la zamani halipotei bure: huchongwa likawa katambuga, viatu vinavyokwenda shambani miaka na miaka. Limefukuzwa kwenye kazi ya mwendo kasi likapewa ya mwendo wa mtu. Si aibu. Ni kazi inayolingana na nguvu iliyobaki.

Mamotari wengi wa Kigali ni watoto wa wakulima. Wanatoka vijijini ambako hakuna aliyewahi kufundishwa kwamba mbegu hutafutwa baada ya mvua kuanza. Baba zao walijua kwamba mvua za umuhindo huanza Septemba na za itumba huanza Machi, na kwamba jembe hunolewa Agosti, ardhi ikiwa ngumu na mawingu yakiwa hayajulikani yaliko. Nadhani jibu la swali letu limekaa humo muda wote. Tairi lina msimu wake kama shamba, na mwenye kungoja likiisha amekwisha kuchelewa, kwa kuwa mvua haiulizi ni wiki ya ngapi. Basi libadilishwe juani. Agosti na Februari, kabla ya misimu miwili ya mvua, kila motari ainame nyuma ya pikipiki yake atie ukucha kwenye mfereji, na kama ukucha haupati pa kuzama, au kama unapata padogo tu pasipofika mwisho wa msimu, tairi litoke. Wewe mwenye pikipiki unayepokea hesabu kila jioni, tenga sehemu yake ndogo kwa ajili ya mpira, uiandike kwenye makubaliano, usimwachie kijana achague kati ya tairi na chakula cha watoto wake. Na wewe abiria, ambaye unabebeshwa wiki ile bila kuulizwa, tazama gurudumu la nyuma kabla hujapanda. Ukiona kipara, mwambie dereva kwa upole, kisha panda pikipiki nyingine. Wakifanya hivyo abiria wa kutosha, matairi yatabadilishwa kabla ya mvua.